Mlezi wa Kliniki ya Miavuli

Mvua ndiyo iliyomsukuma Profesa mpaka kwenye lango la chuo. Kwa hiari yake asingefika, kwa sababu chuoni kuna watu wanaosoma kila karatasi mpaka mwisho, na watu wa namna hiyo walikuwa hasara tupu katika kazi yake.

Profesa hakuwa profesa, tuelewane mapema. Shule aliiacha akiwa darasa la sita, baada ya yeye na mwalimu mkuu kutofautiana juu ya nani mwenye haki ya kuuza madawati. Alichokuwa nacho ni koti la kijivu lililopigwa pasi likanyooka, miwani yenye vioo vya dirisha, mkoba wa ngozi uliojaa magazeti ya mwaka juzi, na sauti. Jamani, ile sauti! Ilikuwa nzito, ya upole, sauti ya mtu aliyekwisha kusikitika kwa niaba yako. Watu walioibiwa na sauti ile waliwahi kumshukuru, na mmoja alimsindikiza hadi kituo cha basi akimbebea mkoba.

Siku hiyo upepo ulikuwa umegeuza mwavuli wake ukawa kama bakuli, akajibanza chini ya bati la kibanda cha fotokopi. Ukutani, karibu na pua yake, palikuwa na tangazo jipya. Akalisoma kwa kukosa la kufanya.

Chuo, lilisema tangazo, kinawasaidia wanafunzi wanaoanzisha biashara zao huku wakiendelea na masomo. Atakayechaguliwa atapata ruzuku, atapata chumba cha kufanyia kazi, na atapangiwa upya vipindi vyake ili darasa na biashara visigombane. Kila mwombaji awe na mlezi wa biashara kutoka nje ya chuo, atakayetia sahihi pamoja naye.

Chini ya hapo kulikuwa na aya tatu za maandishi madogo. Profesa hakuzisoma. Katika maisha yake maandishi madogo aliyaandika yeye, wakayasoma wengine, tena baada ya yeye kuhama mji.

"Ruzuku," aliwaza, na moyo ukamwenda mbio kama wa bwana harusi. "Mtoto asiyeijua dunia. Na pembeni yake, sahihi ya mtu mzima. Hii si fursa, hii ni sadaka."

"Mzee, lete huo mwavuli. Unaumia."

Aliyesema ni msichana aliyekaa juu ya kreti lililopinduliwa, nyuma ya rundo la miavuli iliyovunjika mbavu. Mbele yake kipande cha boksi kiliandikwa kwa kalamu nene: KLINIKI YA MIAVULI. HATULAZI MGONJWA. Alikuwa mwaka wa pili, idara ya ufundi wa mitambo, na wenzake walimwita Daktari. Akaupokea mwavuli wa Profesa, akaugusa ubavu mmoja mmoja, akachomoa kipande cha waya mfukoni, koleo likalia mara tatu, kisha akaufungua. Pwaa! Ukasimama kama siku uliyonunuliwa.

Profesa aliutazama mwavuli, akamtazama binti, akasafisha koo.

"Binti yangu, mimi sipendi kuahidi watu mambo..."

Mkono wa Daktari ukaganda hewani na koleo lake.

"...lakini kipaji chako kimenigusa. Unajua mimi ni nani?"

"Sijui, mzee," alisema Daktari. Huo ulikuwa uongo wa kwanza kati yao, na aliyeusema hakuwa Profesa.

Alikuwa na miaka kumi na tano alipoisikia sauti ile kwa mara ya kwanza, ukumbini, na maneno yale yale: sipendi kuahidi watu mambo. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama washonaji kumi na mmoja. Akaja bwana mmoja mwenye ndevu za heshima na mpango wa cherehani za umeme. Kila mama alipe ada ya usajili, cherehani zifike baada ya wiki mbili. Binti ndiye aliyeyaandika majina yote kumi na moja, kwa mwandiko wake mzuri. Ndevu zilikuwa za kubandika. Cherehani hazijafika mpaka leo. Mama mmoja alikuwa ameuza kitanda ili apate ada ile, na miaka minne sasa alikuwa akilala kwenye mkeka na kuamka na mgongo unaomgombeza.

"Mimi ni mlezi wa biashara," Profesa aliendelea, hana habari. "Nimelea makampuni. Mengine sasa hivi yana magorofa. Wewe umeshaomba huu mpango wa chuo?"

"Bado. Sina mlezi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Alikuwa amewaomba wafanyabiashara saba, na wote saba waliuliza swali moja: "Nami nitapata nini?" Fomu zingefungwa Ijumaa. Mlezi wa bweni alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi aondoe miavuli chini ya vitanda, maana wenzake walikuwa wakichomwa visigino kila wakiamka. Na vipindi vya kuchomelea vyuma alikuwa amevikosa mara nyingi kiasi kwamba alipotokea, mwalimu alimkaribisha kama mgeni. Bila mpango huu, ilibidi achague: ama miavuli inayomlipia ada, ama masomo ambayo ada hiyo inayalipia.

"Nitauliza nyumbani kwanza, mzee," alisema.

"Uliza, mwanangu," alisema Profesa kwa baraka zote. "Mtoto asiyeuliza wakubwa hafiki mbali."

*

Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake ya miguu, pini zimejaa mdomoni, nguo ya mteja magotini. Alisikiliza hadithi yote bila kusimamisha miguu. Ilipofika kwenye "sipendi kuahidi watu mambo", miguu ikasimama. Akatema pini kiganjani.

"Una hakika?"

"Shangazi, ndevu zimetoka, sauti imebaki."

"Ana miwani?"

"Anayo. Lakini tangazo alilisoma kwa juu ya miwani, na saa yake akaitazama kwa chini ya miwani."

Shangazi akavuta pumzi. "Ndiye."

"Twende polisi?"

"Na ushahidi gani? Ndevu? Hata hizo aliondoka nazo."

"Basi kesho akija nimfukuze."

"Umfukuze!" Shangazi alimtazama kana kwamba binti ametukana. "Mtu tumemtafuta miaka minne, leo kaja mwenyewe kwa miguu yake miwili, wewe umwonyeshe njia ya kutokea? Anataka nini kwako?"

"Anataka kuwa mlezi wangu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mlezi. Kabla ya Ijumaa."

Shangazi akaanza kucheka polepole, kicheko kikapanda mpaka akajichoma na pini alizozishika. "Mwache alee," alisema, akijifuta machozi. "Hiyo fomu ina kurasa ngapi?"

"Mbili."

"Fomu ya kurasa mbili ni ya watu wasio na kazi. Tuiongezee ya tatu."

*

Kesho yake walikutana kwenye kibanda cha chai mkabala na lango. Profesa alizipitia kurasa mbili za kwanza kwa kuzipapasa tu, kama mtu anayepima kitambaa. Ya tatu ilimfanya asimame kidogo, kwa sababu ilitaja pesa, na palipotajwa pesa Profesa alijua kusoma.

Ukurasa wa tatu ulisema kwamba mlezi ataweka amana ya nia njema katika akaunti itakayotajwa, ili kuondoa walezi wasio na uzito. Kiasi kilikuwa sawasawa na zile ada kumi na moja za usajili. Shangazi hakuongeza riba, maana alikuwa mcha Mungu.

Profesa alivua miwani. Alikuwa mjanja mzoefu, tusimvunjie heshima, na kengele moja ndogo ililia kichwani mwake. Lakini mstari wa pili uliandika "dhamana" bila herufi ya h, na kosa hilo likamtuliza. Yeye alipotengeneza karatasi za uongo hakukosea hata nukta. Karatasi yenye makosa, alijua, imetoka ofisini kweli.

"Mzee, kama ni nyingi tuache tu," alisema Daktari, macho chini.

"Tuache? Kuku anayetaga hanyimwi mtama." Akainama karibu. "Ila, mwanangu, kwa usalama wako, utanitilia sahihi hizi fomu za benki za kutolea pesa. Nafasi ya kiasi tuiache wazi. Usije ukaugua siku ya mtihani tukakwama."

"Ngapi?"

"Sita zinatosha."

Daktari akatia sahihi zote sita, kwa mwandiko wake mzuri, bila kuuliza lolote. Profesa karibu amwonee huruma. Karibu.

"Na hili jina la akaunti," alisema akisoma kikaratasi alichopewa. "Hatudanganyiki. Ndilo jina la biashara?"

"Ni jina la kwetu nyumbani."

"Zuri! Linajenga imani. Mteja akiliona tu, amelala. Nani alilibuni?"

"Shangazi yangu. Zamani lilikuwa Tuaminiane, wakalibadilisha."

"Wamefanya vyema. Mwanamke mwenye akili huyo."

"Atafurahi kusikia," alisema Daktari, na kwa hilo hakusema uongo.

Benki walidai kitambulisho. Profesa alikuwa na vitambulisho vitatu, viwili kati ya hivyo vikiwa vizuri kuliko vya kweli, ila karani wa benki alikuwa na mashine ya kuvihakiki. Kwa hiyo akatoa kile cha kweli. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, Profesa aliandika jina alilopewa na mama yake, na ilibidi afikirie kidogo kabla ya kulimaliza. Karani alimrudishia nakala ya kitambulisho kilichohakikiwa, pamoja na stakabadhi. Daktari aliyekuwa amesimama pembeni akaiomba nakala ile, akaibana kwenye fomu. Fomu ikafika ofisini Alhamisi mchana. Kurasa mbili, na nakala ya kitambulisho cha mlezi. Ya tatu, kwa namna moja au nyingine, ilipotea njiani.

*

Mratibu wa mpango, mama mmoja mnene mchangamfu mwenye kalamu tatu nyweleni, aliwaambia waombaji wote jambo moja: jopo litataka kuona wateja. Si maneno kwamba wateja wapo. Watu walioandika na kutia sahihi.

"Niachie mimi," Profesa alimwambia Daktari. Alipenda wazo hilo. Penye wateja hapakosi malipo ya awali, na malipo ya awali yalikuwa chakula chake cha kila siku. Lakini Daktari alimpa kitabu cha oda kilichochapishwa juu ya kila ukurasa: MTEJA HULIPA MWAVULI UKISHAPONA, SI KABLA. Profesa alikigeuza huku na huku akitafuta upenyo. Hakuna. Basi akaenda hivyo hivyo, kama mvuvi anayekwenda ziwani bila ndoano, akijipa moyo kwamba ruzuku yenyewe ipo mbele.

Alianzia kwenye ofisi ya kampuni ya ulinzi, ile iliyokuwa na walinzi karibu kila geti mjini. Mkuu wao, mstaafu mwenye sharubu na masikio makubwa, hakumpa hata kiti.

"Sisi mwavuli ukiharibika tunanunua mwingine."

"Na ulioharibika?"

"Stoo."

"Naomba kuiona stoo."

Mkuu alimpeleka ili amalize ubishi. Stoo ilikuwa imejaa miavuli myeusi, imelazwa ubavu kwa ubavu mpaka dirishani. Profesa akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Mbona umevua kofia?"

"Mkuu, hapa si stoo. Hapa ni makaburini. Wako wangapi?"

"Sitini na tatu."

"Sitini na tatu! Na kila mmoja ulimnunua ukamzika. Kuna familia inayozika hivi isiulize kulikoni?" Akauchukua mmoja, akaufungua nusu. "Mtazame huyu. Ubavu mmoja tu. Wewe, mkuu, ukivunjika ubavu mmoja, kampuni itakuweka stoo?"

Sharubu za mkuu zikatikisika. Alijaribu kuzizuia akashindwa. Akatia sahihi kwa miavuli yote sitini na mitatu, akamwita msaidizi alete chai, na kabla hawajaimaliza akawa amempigia simu rafiki yake mwenye nyumba ya wageni.

Profesa alitoka pale na karatasi mkononi na hisia ngeni kifuani. Alitembea hatua mia kabla hajaitambua: hakuna mtu ambaye angemkimbiza. Kesho yake alipita makusudi kwenye barabara ile ile ili ahakikishe. Mlinzi wa geti la kwanza akampigia saluti. "Profesa! Lini mnachukua wagonjwa?" Geti la pili vivyo hivyo. Profesa akanyanyua mkono, akatembea kifua mbele mpaka kona, kisha akajikemea kwa kusahau kilichomleta mjini.

Kufikia siku ya jopo alikuwa na kurasa kumi na saba zilizojaa sahihi.

*

Jopo lilikuwa la watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mratibu pembeni na kalamu zake. Daktari alivaa gauni alilolishona shangazi usiku kucha, akaweka mwavuli uliovunjika mezani, akautengeneza mbele yao kwa dakika mbili. Mikono ilikuwa sawa. Ndipo mzee wa katikati alipouliza, "Lakini kwa nini mtu asinunue tu mwavuli mpya?"

Daktari akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Hakuwa akiigiza. Alijua jibu, alikuwa ameliandika na kulikariri, nalo likamtoroka kama paka. Aliiona sura ya mlezi wa bweni, akaiona miavuli yake ikitupwa nje, akahisi machozi yanapanda.

Kiti cha nyuma kikasukumwa. Profesa akasimama, na mtu yeyote aliyemwona siku ile atakuambia kwamba hakuwa na haraka.

"Waheshimiwa," alisema, "hakuna anayenunua mwavuli mvua ikiwa haijanyesha. Mtu hununua akiwa ameshalowa, ana haraka, na muuzaji anamwona anatetemeka. Bei ya mwavuli mpya haipangwi na kiwanda, inapangwa na wingu. Sasa huyu binti amekaa pale langoni na koleo. Mtu akilowa, anamkuta. Anamrudishia kitu chake mwenyewe, kwa bei isiyobadilika anga ikibadilika. Nimeishi mijini miaka mingi, waheshimiwa. Nimeona kila namna ya kumtoza mtu aliyeshikwa na shida. Kazi isiyomtoza kwa ajili ya shida yake nimeiona mara moja tu, na ni hii iliyo juu ya meza yenu."

Mzee wa katikati akatazama dirishani, ambako palikuwa na wingu. Kisha akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Daktari alimwangalia Profesa akiketi na kufuta miwani yake isiyo na kazi. Ubaya ni kwamba alikuwa hodari kweli. Alimhurumia kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akamkumbuka yule mama wa kitanda, na huruma ikapoa.

*

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Kliniki ya Miavuli ilikuwa ya kwanza. Jumatano asubuhi Profesa alifika ofisini kwa mratibu akiwa amekwisha kulipa na kukihama chumba cha kulala alichopanga, mkoba wake sasa umejaa nguo badala ya magazeti, na tiketi ya basi la saa nane mfukoni.

"Mlezi wetu!" mratibu alimpokea kwa mikono miwili. "Umekuja wakati mzuri. Ruzuku yenu ndiyo inashushwa."

"Inashushwa?" Profesa aliona neno hilo halikai vizuri pembeni ya pesa.

"Njoo uone."

Uani palikuwa na lori. Wabebaji wanne walikuwa wakiteremsha mashine ya kupigia misumari midogo ya mbavu, cherehani nzito ya kushonea turubai, meza ya chuma na marobota ya kitambaa kisichopitisha maji. Daktari alikuwa amesimama na ufunguo wa chumba kifuani, anacheka na kulia kwa pamoja, anawaambia wabebaji taratibu, taratibu.

"Na... ile ya taslimu?" Profesa aliuliza.

"Taslimu hatutoi, mzee wangu. Tulianza na taslimu zamani, walezi wakawa wanatoroka nazo, basi tukaacha. Imo kwenye tangazo, yale maandishi madogo, aya ya kwanza. Ya pili ndiyo inayokuhusu wewe: alasiri mbili kila wiki kwa mwaka mzima, uwepo kwenye chumba cha kazi. Nakala ya kitambulisho chako tunayo. Naona una jina zuri sana, mbona hulitumii?"

"Nitarudi sasa hivi," alisema Profesa, na sauti kwa mara ya kwanza ilipanda juu kuliko alivyotaka.

Alikuwa na fomu sita zenye sahihi. Angalau amana yake ataiokoa. Benki alifika akihema, akajaza kiasi chote, akasukuma fomu chini ya kioo. Karani aliitazama, akaitazama kompyuta, akamtazama yeye.

"Aliyetia sahihi hapa hahusiki na akaunti hii, mzee."

"Asihusike vipi? Ni akaunti yake! Hatudanganyiki!"

"Hapana, hii ni ya kikundi cha akina mama washonaji. Watia sahihi ni mwenyekiti na mweka hazina wao. Na hata hivyo walikuja jana wote kumi na mmoja wakatoa." Karani akatabasamu. Alikuwa kijana mwema, na alidhani anatoa habari njema. "Kumbe wewe ndiye uliyewachangia? Walifurahi, jamani! Mmoja alicheza pale pale kwenye foleni. Mungu akuzidishie."

*

Ilikuwa saa saba unusu. Mtu mwenye busara angekwenda moja kwa moja kwenye basi. Lakini hata mjanja ana moyo, na moyo wa Profesa ulikuwa unaungua. Alirudi chuoni mbio, akausukuma mlango wa chumba kipya cha kazi.

Ndani, nyuma ya cherehani ya turubai, alikaa mama mwenye pini mdomoni. Akazitoa, akazipanga mezani.

"Karibu, baba. Tumekusubiri sana. Tulianza kukusubiri mwaka ule wa cherehani."

Kisha akamsogezea karatasi. Ilikuwa orodha ya majina kumi na moja kwa mwandiko mzuri wa msichana wa shule, karatasi imeanza kuwa ya manjano. Mbele ya kila jina, kwa wino mpya, kuna neno moja, Nimepokea, na sahihi au alama ya dole gumba. Profesa aliisoma yote. Ilimchukua muda. Daktari alikuwa amesimama kando ya mashine mpya, hakutabasamu wala hakukwepesha macho.

"Huu ni wizi," Profesa alisema mwishowe.

"Ala! Kumbe unaujua kwa jina," alisema Shangazi.

"Nitakwenda polisi!"

"Ngoja nivae viatu, twende wote. Njia ni moja."

Profesa akageukia mlango, na mlango ukajaa mkuu wa walinzi, sharubu na yote. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wenye miavuli sitini na mitatu.

"Profesa! Nilijua nitakukuta. Wagonjwa hawa hapa. Vijana wangu wote nimewaambia: sisi tuko na Profesa. Hakuna geti mji huu usipojulikana. Na stendi pia ni yetu tangu jana, tumepata zabuni. Popote utakapopita, mlinzi atanipigia simu tu, aniambie Profesa kapita hapa, anaendelea vizuri."

Ilikuwa salamu ya upendo mtupu. Profesa aliisikia ikimfunga kama kamba. Maisha yake yote alikuwa amejihadhari asijulikane, na sasa ndani ya wiki mbili, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa amejitambulisha kwa kila mtu mjini mwenye filimbi na kirungu. Akaketi juu ya robota la kitambaa. Saa nane ikapita, basi likaondoka, na mkuu akaondoka akiimba.

Ni Daktari aliyesema kwanza. "Mzee, pale mbele ya jopo hukuwa umetumwa na mtu. Bila wewe nisingepata hiki chumba. Hilo nitalisema popote."

Profesa hakuwa na mazoea ya kushukuriwa kwa jambo alilolifanya kweli.

"Una pa kulala?" aliuliza Shangazi.

"Sina."

"Umekula?"

"Bado."

Shangazi akasonya, akafungua kibweta chake cha chakula, akakisukuma upande wa pili wa meza. "Kula, halafu tuzungumze. Hapa utalipwa kwa kila mwavuli utakaouleta na ukapona. Utalipwa jioni, mbele ya akina mama wote. Hushiki pesa ya mteja, hata akikulazimisha. Na hiyo miwani uivue, inaniudhi."

Alasiri ya kwanza ya ulezi wake rasmi, Profesa alipewa gunia tupu, akatoka mitaani bila miwani. Alirudi na miavuli saba. Shangazi akaifungua mmoja baada ya mwingine, akatenga miwili.

"Huu mzima. Na huu mzima."

"Mwenye nayo nilimweleza tu vile mbavu zitakavyokuwa mvua kubwa zikianza. Akaniomba niichukue."

"Rudisha. Na umwambie ukweli."

"Mama, ukweli gani? Kwamba miavuli yake mizima? Mtu hawezi kufanya biashara hivyo!"

"Rudisha."

Akaenda, mabega chini, akinung'unika. Daktari na shangazi yake waliendelea na kazi bila kusemezana, wote wawili wakisikiliza nyayo nje. Nusu saa ikapita, kisha saa. Mlango ukafunguka taratibu. Profesa aliingia akiwa ameshika mwavuli mmoja mwekundu, ambao hakuna aliyekuwa ameuona kabla, na usoni alikuwa na mshangao kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Nimemwambia ukweli," alisema. "Kasema hajawahi kuona fundi mwaminifu kama sisi. Kanipa na wa mkewe."

"Umevunjika kweli?" aliuliza Daktari.

Profesa akaufungua, nao ukaporomoka wote sakafuni, mbavu, kitambaa na mpini.

"Vibaya sana," alisema kwa fahari.